Lenzi Ndefu Niliyomwelekezea Baba Yako

Goksøyr,
Kisiwa cha Runde,
Jumapili, 29 Juni 2025.

Mpendwa Ingelin, mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye upepo. Hujambo, mwanangu? Mumeo Hamish naye hajambo? Na wale wajukuu zangu wawili, Maia na Tormod, kikohozi kimewaachia? Najua huko Dunedin sasa ni baridi wakati sisi huku tunaota jua, na kila nikiwasha redio nikasikia habari za theluji mahali popote duniani nakufikiria wewe.

Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, na kwa jinsi mvua ya huku ilivyo, halipati mapumziko. Mume wangu Leidulf naye mzima. Ameacha ugoro tena. Kondoo tumeshawapandisha mlimani, na lunde wetu, wale ndege wa baharini, wamerudi magengeni na midomo yao ya rangi kama waendao harusini. Watalii nao wamefuata nyuma, kila mmoja na kamera shingoni.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kugeuza maneno. Karatasi haimkatizi mtu. Ndiyo maana nimekaa jikoni tangu asubuhi na kalamu, na chai imepoa mara nyingi mbele yangu.

Juma lililopita uliniomba ile picha ya baba yako anayecheza dansi, niichapishe kubwa, uitundike sebuleni. Ukaniambia pia kwamba baada ya kuiona, wewe na Hamish mmeahirisha safari ya Agosti hadi mwakani, kwa kuwa paa la nyumba yenu linataka kutengenezwa na baba yako, asante Mungu, ana furaha. Ingelin, picha hiyo sitaileta. Nisome hadi mwisho kwanza, halafu unikasirikie utakavyo.

Unaikumbuka kamera yangu ya zamani, ile uliyokuwa ukiiita tofali? Chumvi ya bahari iliingia ndani majira ya baridi, kitufe kikaganda, ikafa. Nimestaafu kufundisha, nina muda, nikasema sasa nanunua ya kisasa. Nikatia lenzi zangu zote kwenye begi nikaenda Ålesund, kwenye lile duka la kamera karibu na bandari.

Mwenye duka anaitwa Jarle, mtu mpole anayeongea huku akifuta vioo. Alizipanga lenzi zangu mezani, akatikisa kichwa.

"Hizi haziingii, mama. Shingo ya kamera mpya ni tofauti. Ila kuna pete ya kuunganishia. Ukiiweka, hii fupi bado itakufaa sana."

"Sikuja mpaka huku kununua pete," nikamjibu.

"Sawa. Basi niambie unapiga picha za nini."

"Ndege."

"Ndege tu? Na watu je? Mzee nyumbani, majirani?"

"Mzee nimeshamwona vya kutosha."

Akacheka. Kisha akanishauri kama mtu anayemshauri dada yake. Nisimalize fedha zote kwenye kamera yenyewe, akasema, maana kamera huzeeka upesi kama simu, bali kioo kizuri utakirithisha. Nichukue kamera ya kawaida na lenzi mbili: moja ndefu kiasi kwa ajili ya ndege, na moja fupi yenye mdomo mpana, inayokunywa mwanga hata jikoni wakati wa jioni. Alinipa ile fupi niishike. Ilikuwa nyepesi kama kikombe. Nikaona ni kitu cha kitoto.

Nikuambie ukweli, Ingelin. Katika chama chetu cha wapiga picha watu husalimiana kwa milimita. Magnhild ana lenzi ya mia nne, na kila tukipanda mlimani huiweka begani kama mtu aliyebeba bunduki ya mfalme. Mimi nilitaka ya mia sita. Sikutaka kusikia habari za jikoni wala mwanga wa jioni. Nikaichukua hiyo mia sita, ndefu kama mkono wangu, nikarudi nayo nyumbani nimeipakata kama mtoto.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei. Nilipanda juu ya Goksøyr kuwangoja lunde warudi kutoka baharini. Upepo ulikuwa mbaya, nao wakabaki huko huko majini. Nilikaa kwenye majani nikachoka kungoja. Mtu mwenye kitu kipya mkononi hawezi kukaa bure. Nikaigeuza lenzi nyuma, upande wa nyumba zetu, nikaanza kuchungulia.

Nasema kuchungulia kwa sababu hakuna neno jingine. Niliona nguo za nani zimeanikwa. Nilimwona Leidulf nyuma ya zizi akijitia ugoro chini ya mdomo, nikacheka peke yangu huko juu. Halafu nikashusha lenzi hadi kwenye mabanda ya mashua, nikamwona baba yako.

Alikuwa ametoka kwenye banda lake, kwenye ile sakafu ya saruji ambako mashua huvutwa. Aliweka redio juu ya pipa. Sikusikia kitu, nilikuwa mbali mno. Alifuta mikono kwa kitambaa, akafunga kifungo cha shati mpaka shingoni, akainua mikono. Mkono mmoja aliunyosha pembeni kama anayeshika kiganja cha mtu. Mwingine aliuweka mgongoni kwa mtu ambaye hakuwapo, kwa kimo kile kile cha mama yako. Kisha akaanza kucheza valsi.

Nikabonyeza. Kamera za siku hizi hupiga picha mfululizo kama cherehani inavyoshona. Alizunguka vizuri, Ingelin. Unajua jinsi alivyokuwa akicheza na mama yako Jumamosi kwenye ukumbi wa vijana, wote wakiwapisha. Aliinua mguu, kichwa kikaenda nyuma, mdomo wazi.

Halafu akasimama. Mikono ilibaki juu, ikiwa bado imemshika. Uso wake sitaueleza. Lakini lazima ujue kwamba niliuona, maana ile lenzi niliyoitaka kwa nguvu zangu zote ilinionyesha hata unyevu chini ya miwani yake. Na kidole changu hakikuacha kubonyeza.

Njia ya kushuka kutoka pale hadi kwenye mabanda ni fupi. Hata kwa goti langu ningefika redio ikiwa bado inaimba. Sikushuka. Nilifunga begi nikarudi nyumbani kwa njia ya juu ili asinione.

Nyumbani nilizifungua zote kwenye kompyuta. Nilichagua ile ya mguu ulioinuliwa na mdomo wazi, kwa sababu mtu asiyejua ataapa kwamba anacheka. Leidulf alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Huyu ni Oddmund," akasema. "Umemwuliza?"

"Nitamwuliza."

"Mwulize kwanza, Gunnvor."

"Nimesema nitamwuliza! Wewe kaulize ugoro wako."

Sikumwuliza. Niliipeleka kwenye maonyesho ya chama, nikaipa jina mimi mwenyewe: "Furaha". Ikashika nafasi ya kwanza. Watu walisimama mbele yake na waffle, zile keki bapa za chapa, mkononi wakitabasamu, wengine wakifuta macho kwa jinsi ilivyowagusa. Nami nilikuwa pembeni nikipokea pongezi na kueleza habari za milimita zangu. Gazeti la wilaya likaichapa, mtu akaiweka mtandaoni, ikakufikia wewe huko upande wa pili wa dunia. Ukaona baba yako anacheka.

Baba yako mwenyewe aliijulia dukani. Nilikuwapo. Nilikuwa nimesimama kwenye friji ya jibini, yeye yuko kaunta na maziwa na mkate wake, mara Asbjørn akaingia na ile sauti yake ya baharini.

"Oddmund! Tumekuona kwenye gazeti! Lakini huyo mchumba wako ni mwembamba kupita kiasi, hata kwenye picha hatokei!"

Duka zima likacheka. Asbjørn si mtu mbaya, unamfahamu. Alidhani ni jambo ambalo baba yako alilikubali na kulifurahia, kwa maana ni nani angelichapa bila ruhusa?

"Ndiyo faida yake," baba yako akajibu, hata hakugeuka. "Hali chakula kingi."

Wakacheka zaidi. Naye akacheka kidogo. Kisha mtu akamfungulia gazeti mbele yake. Aliangalia kwa muda, akakunja miwani, akatoka nje. Maziwa na mkate aliviacha pale pale kaunta. Mimi nilibaki nikisoma karatasi ya jibini ambalo nimelinunua maisha yangu yote.

Tangu siku ile banda limefungwa kufuli. Redio ameirudisha ndani na haiimbi. Samaki wapo, wenzake wanatoka kila asubuhi, mashua yake imelala kifudifudi. Asbjørn alikwenda kumgongea mlango akaambiwa kupitia dirishani kwamba mwenye nyumba ana mafua.

Nilijizungusha siku kadhaa, nikipata kazi ambazo hazikuwapo. Hatimaye nilichoma waffle, nikachukua jibini la kahawia, nikaenda. Nilitarajia atanifokea. Ningeshukuru angenifokea. Alinivutia kiti, akamimina kahawa, akakata jibini vipande vyembamba kama mama yako alivyokuwa akipenda.

"Picha nzuri," akasema.

Nikakirudisha kipande cha jibini kwenye sahani.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Kule juu, kwenye njia ya lunde."

"Mbali hivyo?"

"Mbali hivyo, kaka."

Akazungusha kikombe chake mezani. "Na bado ulituona."

Ingelin, hakusema uliniona. Alisema ulituona. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kwa kondoo.

Baadaye akauliza kama zipo nyingine, za pale aliposimama. Nikasema zipo. Nilikuwa na kamera begini, nikaitoa, na mbele yake nikazifuta, moja moja, yeye akitazama dirishani. Nikamwomba radhi. Alisema tu, "Kunywa kahawa yako, Gunnvor, inapoa," kwa ile sauti yake ya tangu tukiwa watoto, nilipokuwa nikivunja kitu naye akikiokota kabla baba hajaingia.

Siku iliyofuata nilikwenda kuitoa picha ukutani, na bakuli la kioo la ushindi nikalirudisha. Mwenyekiti hakunielewa. "Lakini ni picha ya furaha!" akaniambia. Ningemweleza nini? Jina lenyewe nililitia mimi.

Sasa nikurudishe kwenye simu uliyompigia baba yako. Najua ulimwambia kuhusu paa, naye akakuambia shughulikieni nyumba yenu, mimi niko salama, si umeniona nikicheza? Aliniambia hivyo mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini hakukueleza.

"Nieleze nini?" akasema. "Mtoto alikuwa anacheka kwenye simu. Hajacheka hivyo tangu mazishi. Nimnyang'anye?"

Nikafahamu kwamba picha yangu imemfunga mdomo baba yako. Kabla yake angeweza, siku moja, kukuambia kwamba nyumba ni kubwa mno na jioni ni ndefu. Sasa atakuambia nini, na wewe una ushahidi mkononi kwamba anacheza?

Kosa la picha ni kubwa, lakini chini yake kuna lingine. Tangu Borghild atutoke nimekuwa nikimtazama kaka yangu kwa mbali, hata kabla sijanunua lenzi. Nikiona moshi kwenye bomba lake asubuhi najiambia yuko hai, basi. Mama yako alikuwa wifi yangu na rafiki yangu wa pekee kisiwani hapa, na kuingia jikoni mle bila kumkuta kulikuwa kukiniuma. Kwa hiyo sikuingia. Nilijihurumia mimi, nikamwacha yeye. Ningekuwa nikipita hapo kila jioni, huenda ningemkuta siku ile kwenye banda akinikaribisha kuketi juu ya pipa, nikasikia hiyo redio kwa masikio yangu.

Nilimwuliza kama naweza kukuandikia. Alikuwa akiosha vikombe; akamaliza cha mwisho, akakikausha.

"Barua ni yako," akasema. "Lakini ukimwandikia, usimwandikie kwamba baba yake alikuwa analia. Mwandikie jinsi ilivyokuwa."

"Ilikuwaje?"

"Borghild alikuwa akikosea hatua ya tatu, miaka yote. Lazima usimame kidogo umngojee. Nilikuwa namngojea."

Basi nimekuandikia jinsi ilivyokuwa, kwa maneno yake, na yangu sitaongeza.

Jumatatu iliyopita nilirudi Ålesund. Niliiweka ile lenzi ndefu juu ya meza ya Jarle nikamwambia nataka kubadilisha, anipe ile fupi.

"Kulikoni? Ndege wamekukosea nini?"

"Ndege hawana kosa."

Alinitazama akaacha maswali. Hiyo fupi ina jambo moja: ukitaka mtu aenee vizuri kwenye picha, lazima umkaribie mpaka asikie viatu vyako, na akisikia viatu vyako itabidi umsalimie. Siku hizi nakwenda nayo kwa baba yako kila jioni, iko mfukoni mwa koti. Sijapiga picha hata moja. Jana nilimwuliza kama naweza, akasema ndevu zake si za kuonwa na watu. Tukacheza karata. Alinishinda, na alikuwa akiiba, nami nikanyamaza.

Kwa hiyo bahasha hii haina picha ndani yake. Kama nikikutumia ile uliyoiomba, itakaa ukutani mwako ikikudanganya kila siku kwa sauti yangu. Ninachokuomba ni kizito zaidi. Kama paa linaweza kungoja kwa turubai, njooni Agosti kama mlivyopanga. Kama ninyi wote hamwezi, njoo wewe peke yako. Na kama umenikasirikia, njoo na hasira zako, nitakupokea uwanja wa ndege unifokee njia nzima mpaka darajani. Usimwambie baba yako kwamba mimi ndiye niliyekuomba. Mwambie umepakumbuka nyumbani, maana najua hilo nalo ni kweli.

Nisalimie sana Hamish, na umwambie kwamba Leidulf bado anaitunza ile fimbo ya kuvulia aliyoiacha. Wabusu Maia na Tormod mashavu yote mawili. Leidulf anakusalimu, vilevile Magnhild na hata Asbjørn, ambaye ameniuliza mara nyingi kama Oddmund anamkasirikia, nami nimemwambia aje na keki za samaki aulize mwenyewe.

Mungu akulinde, mwanangu, akuvushe bahari zote zilizo kati yetu, na moyo wako ukipata nafasi, unisamehe.

Baba yako naye anakusalimu. Nilimwambia asubuhi hii kwamba nakaa kuandika, nikamwuliza nikupe salamu gani kutoka kwake. Alisema hana la kusema, mtoto ana nyumba yake na shughuli zake. Nikafika mpaka getini, akafungua mlango akaniita: "Mwambie chumba chake cha juu kina baridi. Aje na soksi za sufu."

Ni mimi shangazi yako, akupendaye na mwenye deni la radhi kwako,

Gunnvor